Mama wa Kwenye Bango

Ōtara, Auckland
18 Februari 1997

Mdogo wangu Lonise,

Mama akiuliza barua inasema nini, msomee hapa kwanza: mimi mzima, goti halinisumbui sana siku hizi za joto, na sijasahau kusali. Mengine msomee ukiona yanafaa. Nakujua unavyoruka mistari.

Nina habari. Nimepata kazi ya pili, isiyo na mshahara. Usicheke. Mjini, nyuma ya barabara ya Karangahape, kuna nyumba ya hisani inaitwa Nyumba ya Jirani. Wanapika chakula cha mchana kwa watu wasio na pa kula, na wanawatembelea wazee wanaoishi peke yao kwenye maghorofa ya manispaa. Nilipita pale na mwenzangu wa kiwandani aliyekuwa anapeleka nguo za marehemu mumewe. Tukakaribishwa chai. Mwenzangu akanywa, akaondoka. Mimi nikamwona mama wa Kizungu anamenya viazi utadhani anachonga mtumbwi, nusu ya kiazi inakwenda na maganda. Nikamwomba kisu. Tangu siku hiyo naenda Jumatatu hadi Alhamisi. Kiwandani wamenihamishia zamu ya jioni, kwa hiyo mchana niko huru.

Alhamisi, tukimaliza kuosha vyombo, namtembelea mzee anaitwa Purdie, ghorofa ya sita. Alikuwa dereva wa treni. Ananiita Mary. Nilimsahihisha mara mbili, baadaye nikaacha. Namkata kucha, namsomea gazeti ukurasa wa mbio za farasi. Ana watoto wanne hapa hapa mjini na sijamwona hata mmoja. Nilipomwambia kwamba kwetu mzee kama yeye angezongwa na wajukuu mpaka atafute pa kujificha, aliniuliza kama ni kweli au namtania.

Na wiki iliyopita nimepigwa picha. Mkuu wa nyumba, Bi Heddle, mama mmoja mrefu mwenye roho nzuri, alileta mpiga picha akaniambia, Vaosa, una uso mzuri, tuutumie kutangaza kazi yetu? Nikasema utumieni, mimi nimeshauchoka. Nilikuwa nimemaliza kugawa chakula, nimevua aproni, nimekaa na bakuli langu la supu. Nilitaka kuivaa tena, wakasema kaa hivyo hivyo, na usitabasamu. Wewe unajua kwangu kutotabasamu ni kibarua.

Nisalimie ndugu yetu Pauli na watoto wake. Mama mbusu mikono.

Dada yako,
Vaosa


Vaiolo, Savai'i, Samoa
20 Aprili 1997

Dada Vaosa,

Barua yako mama ameigeuza mahubiri. Nimemsomea mara nyingi mpaka mtoto wangu mdogo anaijua kwa moyo. Anawaambia watu kanisani kuwa binti yake mkubwa anawalisha Wazungu. Mke wa Sio wa dukani akauliza ni Wazungu gani hao wa kulishwa na mtu wa Vaiolo. Mama akamjibu, "Wale wale wanaokuuzia nyama ya kopo iliyochacha." Watu walicheka mpaka mchungaji akatoka nje kuangalia kuna nini.

Macho yake sasa yamekwisha kabisa. Ana kikohozi pia, lakini kidogo, cha msimu.

Pauli tumemsimika kuwa mkuu wa ukoo. Sasa jina lake ni Leamana, kama babu, na ukimwita Pauli hageuki. Anatembea polepole utadhani amebeba mayai. Siku ya kusimikwa alisimama akasema deni la kwanza la mwanamume ni kwa dada zake, hasa yule aliye mbali. Watu walipiga makofi. Kwa kweli, dada, nililia.

Magimbi bado yanaoza na ule ugonjwa wa majani, tunakula mashelisheli na ndizi. Kanisa tunalichangia bati jipya, maana tangu kile kimbunga mvua ikinyesha waimbaji wanahama mahali. Mchungaji Elisaia anakuja huko Juni kwa mkutano wa makanisa. Mpokee, mpikie, mpeleke akaone hiyo Nyumba ya Jirani yako ili mama apate shahidi.

Simu yako nikipiga kutoka kwa mchungaji haiiti kabisa. Imeharibika?

Lonise


Ōtara, Auckland
30 Juni 1997

Mdogo wangu,

Baridi ya mwaka huu inaingia mpaka kwenye meno. Simu ndiyo, imeharibika, nangoja fundi.

Mchungaji nimemwona. Sikumkaribisha kwangu kwa sababu nimehamia chumba kidogo, karibu zaidi na stesheni, na bado sijakipanga. Nilimfuata Māngere alikofikia, nikiwa na keki. Lonise, mchungaji amezeeka. Alinishika mikono yote miwili akanitazama muda mrefu, machozi yanamlengalenga. Nikaanza kumsimulia habari za jikoni na za mzee Purdie, yeye anaitikia tu, "Ndiyo, mwanangu, ndiyo," kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Nilipomwalika aje mjini aione nyumba, akasema ameshapita mtaa ule na ameona. Nikiaga, akanifungia kuku mzima kwa mikono yake mwenyewe akanilazimisha kumchukua. Mimi mgeni wake au yeye mgeni wangu? Nilicheka njia nzima.

Ile picha nasikia imekuwa bango. Sijaliona. Bi Heddle anasema yamebandikwa zaidi kwenye vituo vya basi vya kaskazini ya daraja, mitaa ya watu wenye nafasi, na mengine machache katikati ya mji. Anasema linafanya kazi nzuri.

Mama akiwa na kikohozi bado, apakwe mafuta ya nazi ya moto kifuani na mgongoni. Usimpe dawa za dukani kwa Sio.

Vaosa


Vaiolo
24 Agosti 1997

Dada,

Barua yako ilifika. Huku hatujambo. Mama anapumzika vizuri, hakohoi tena.

Leamana anasema usitume tena kitu chochote, hata nguo za watoto. Jitunze wewe. Kula. Ukihitaji kitu tuambie sisi kwanza, usiwaambie watu.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Lonise


Ōtara
22 Septemba 1997

Lonise,

Nafurahi mama hakohoi tena. Hiyo peke yake ndiyo iliyonipendeza katika barua yako. Mengine niliyasoma nikajiuliza nimekukosea nini, maana hata mpangaji huandikiwa na mwenye nyumba kwa maneno matamu kuliko yale. Usiwaambie watu. Watu gani? Kuhusu nini?

Sasa najua. Nakuandikia kama lilivyotokea ili mnielewe.

Jumatano iliyopita saa nne tulikuwa tunakunywa chai, sisi wa kujitolea wote, kumi na kitu. Mimi nilikuwa na birika, nawamiminia. Bi Heddle akaingia anang'aa uso, akasema ana barua itakayotutoa machozi. Imetoka, akasema, kwenye kanisa dogo la kijijini, Samoa, mbali kabisa. Akaisoma. Kwamba waumini wameliona bango, kwamba wameguswa na mama aliye pichani, kwamba wanatuma walichonacho ili alishwe, na wanaiomba nyumba impe kwa siri asije akaona haya. Imetiwa sahihi na Elisaia, mchungaji, na Leamana, mkuu wa ukoo.

Watu wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Vaosa, si ni wa kwenu hao?" Nilikuwa bado namimina. Chai ilijaa kikombe ikamwagika mezani ikanichoma mkono, na Bi Heddle akadhani nalia kwa furaha. Akanikumbatia.

Jioni nikapanda basi kwenda kaskazini ya daraja kulitafuta hilo bango. Nimelikuta. Mimi, mkubwa kama mlango, na bakuli langu, bila aproni, bila kutabasamu. Chini yangu wameandika: HANA MTU. ANA WEWE TU. Palikuwa na mama mmoja na mwanawe wanangoja basi. Mtoto akanitazama, akatazama bango, akanitazama. Mamake akamvuta mkono.

Nimejitolea pale, Lonise. Mimi ndiye ninayegawa. Bakuli lile ni la mgawaji, kama mpishi anavyokula akimaliza. Msimamishe Pauli umwambie, na mchungaji naye, na mama mwambie kwa sauti kubwa sikioni. Nataka majibu kwa ndege ya kwanza.

Vaosa


Vaiolo
12 Oktoba 1997

Dada yangu,

Kaa chini kwanza, kama kuna mtu jirani mwite.

Mama alifariki tarehe mbili Agosti, Jumamosi, asubuhi. Tulimzika Alhamisi. Nilipokuandikia kwamba anapumzika sikuandika uongo, ila nilijua utasomaje, na nikaacha usome hivyo.

Nitakueleza, halafu unihukumu.

Mchungaji alirudi na bango amelikunja kama mkeka. Jumapili akalitundika mbele, pale panapowekwa namba za nyimbo, akatutafsiria maneno. Wanawake waliangua kilio kama msibani. Leamana alisimama. Kisha akasema, "Dada yangu ana mtu," akakaa. Kesho yake akauza mashine ya mtumbwi wake, ile anayovulia. Watu wengine wakasema bati lingoje, paa limevuja miaka yote hiyo. Mchungaji akashauri tusikutumie wewe mkononi, utaona haya. Tutume kwenye ile anwani ya chini ya bango, kwa kuwa ndiko unakokula.

Mama akaniuliza unafanya nini kwenye picha. Nikamwambia anakula. Akauliza anakula nini. Supu, nikasema. "Ina nyama?" Nikamwambia haionekani vizuri. Akaniambia nikafungue kasha nimletee mkeka wake, ule mwembamba laini kama kitambaa aliosukiwa na bibi, aliosema azikwe nao. Nilimkatalia. Akasema, "Nimeshakuwa kipofu, Lonise, nisifanywe na kiziwi. Nimesema lete." Mke wa Sio ndiye aliyeununua. Wiki tatu baadaye mama akafariki, tukamzika na mkeka wa kuazima kutoka kwa wakwe zake Leamana.

Nilitaka kukuita. Leamana akakataa. Alisema ukiambiwa utakwenda kukopa nauli kwa watu wasiokopesha bila kutafuna, au utakuja mikono mitupu mbele ya kijiji kizima, na umeshaaibika vya kutosha. Alisema kwa huruma, dada. Hilo ndilo lililonishinda. Angesema kwa hasira ningebishana naye.

Unasema wewe ni mgawaji. Naamini. Lakini mimi maneno ya bango sikuyaamini tangu siku ya kwanza. Niliamini mikono yako. Niliitazama mikono yako imeshika lile bakuli, mifupa imetoka, saa ya marehemu mumeo imeshuka mpaka karibu na vidole. Mgawaji gani huyo?

Lonise


Ōtara
9 Novemba 1997

Lonise,

Nimechelewa kujibu. Kwanza sikuweza kusoma ukurasa wa pili, baadaye sikuweza kuacha.

Siku mliyomzika mama ilikuwa Alhamisi. Alhamisi mimi niko ghorofa ya sita, nimepiga magoti sakafuni nakata kucha za baba wa watu. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Nilikwenda kwa Bi Heddle. Nilimwambia mama aliyetajwa kwenye barua ya kanisa ni mimi, watu wale ni ndugu zangu, na wamejivua bati la kanisa na mkeka wa maziko kwa sababu ya maneno yake mawili. Aligeuka mweupe zaidi. Akaomba radhi, akasema bango halikukusudiwa kufika kwa watu wanaonijua. Nikamwambia hakuna uso usiojulikana na mtu. Nikamwomba arudishe walichotoa.

Akasema haiwezekani, imeshaingia jikoni. "Ni watu masikini kuliko hawa unaowalisha," nikamwambia. Akasema ndiyo maana imewagusa wengi, kwamba wameinakili ile barua na kuituma kwa wafadhili wengine, na wengi wameitikia. Mabango atayaondoa mwisho wa mwezi, mkataba ukiisha.

Nikasimama kuondoka. Akafunga mlango polepole, akanishika bega. "Vaosa," akasema, "nisamehe, lakini uongo ni upi? Kila siku nakuona unakula bakuli mbili, na Alhamisi unafungasha mkate. Sikuuliza, kwa kuwa sikutaka kukuvunjia heshima."

Basi. Ulitaka kujua ni mgawaji gani mwenye mikono ile. Kiwanda kilifungwa Desemba mwaka juzi. Zamu ya jioni hakuna. Yule mwenzangu alipokwenda kupeleka nguo, mimi nilikwenda kwa sababu nilisikia kuna chakula. Nilipoomba kisu nikamenye viazi ni ili nisiketi kwenye benchi na wengine. Simu ilikatwa. Kanisani sikanyagi tangu Pasaka ya mwaka jana, kwa kuwa huku sadaka inasomwa kwa jina na kwa kiasi, na jina langu lilianza kusomwa mwisho. Ndiyo maana msiba wetu watu wote wa Ōtara waliujua, mimi sikuujua. Zile nguo za watoto nilizowatumia zilitoka kwenye mapipa ya pale pale.

Nilikula nikagawa. Vyote viwili ni kweli, na bango lilichukua kimoja.

Bi Heddle aliniambia nisiondoke mikono mitupu. Akanipa kifurushi: mchele, sukari, samaki wa kopo. Nilitaka kukitupa miguuni pake. Nilishaona namna kitakavyopasuka.

Nikakichukua, Lonise. Nikasema asante.

Vaosa


Vaiolo
30 Novemba 1997

Dada,

Barua yako nimeisoma kule shambani, peke yangu. Leamana aliniuliza umesemaje, nikamwambia unamlilia mama. Akaenda kukaa kwenye mtumbwi wake, umepandishwa mchangani tangu auze mashine. Hakurudi mpaka chakula kikapoa.

Nilikwenda kwa mke wa Sio kuulizia mkeka. Umeshapelekwa Apia kwenye harusi, huko umepokelewa na watu wengine, na hajui sasa uko kwa nani. Hakunitania. Ningependa angenitania.

Kuna jambo naona haya kulisema. Mchungaji anauliza mbona hujashukuru. Anasema waumini wamengoja tangu Agosti, na wengine wameanza kunong'ona kwamba labda mjini watu husahau. Leamana anaumia na maneno hayo. Ukipenda nitasimama Jumapili niwaeleze ukweli wote, kwamba ulikuwa unajitolea, kwamba tumedanganywa na karatasi. Sema tu. Nitasimama hata kama atanifukuza nyumbani.

Na uje, dada. Tutatafuta nauli.

Lonise


Ōtara
17 Desemba 1997

Mdogo wangu,

Usisimame.

Nimefikiria sana. Ukiwaambia nilikuwa mgawaji, nina aproni na nina kisu changu, basi mama amelala bila mkeka wake kwa ajili ya supu ya watu asiowajua, na Pauli hana mashine bure, na kanisa linavuja bure, na mtu atacheka. Lazima atakuwepo mmoja wa kucheka. Lakini kama nilikuwa na njaa, basi mama alimlisha mwanawe. Acha iwe alimlisha mwanawe.

Siji. Nauli mngeitoa wapi, na ningeingia kijijini kwa mlango gani? Wanawake wangenikimbilia na sahani kabla sijatua begi. Nitaendelea hapa. Jikoni pale nimeacha. Kwa mzee Purdie bado naenda, kwa kuwa yeye hakumpiga picha mtu.

Barua ya kanisa iko ndani ya hii. Usiisome wewe. Mpe Leamana aisome mwenyewe, amesimama, mbele ya watu wote, kwa sauti yake.

Vaosa


Kwa Mchungaji Elisaia, kwa Leamana na wakuu wote wa koo, kwa akina mama wa kamati, na kwa kusanyiko la Vaiolo.

Nawasalimu kwa heshima. Nimechelewa kushukuru, na kosa ni langu.

Zawadi yenu ilifika ikapikwa. Siku hiyo mezani kulikuwa na watu wengi wasiojua Vaiolo iko upande gani wa dunia, na walikula. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Iliandikwa kwamba sina mtu. Ninyi mlisoma, mkauza, mkatoa, hamkuniuliza, mkatuma.

Namshukuru ndugu yangu Leamana aliyetoa riziki yake.

Namshukuru mama yangu Salafai, aliyetoa alichojiwekea, na ambaye sikuja kumzika. Asiulizwe mtu yeyote kwa nini sikuja. Anayejua anajua.

Nawaomba msinichangie tena. Ezekeni kanisa kabla mvua kubwa hazijaanza.

Nilikula, nikashiba.

Vaosa, binti wa Salafai